Kupika vyakula vya utotoni kwa mafuta na chumvi pungufu, na bado vitambulike

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubadilisha kila kitu kwa siku moja. Nilikuwa nimeamua nyumbani tupunguze mafuta, basi jioni moja nikapika makaroni ya kuoka na jibini, chakula tulichokula tangu tukiwa watoto. Siagi nikaitoa. Jibini nikaweka ile isiyo na mafuta, maziwa yakawa mepesi kama maji, makaroni yakawa ya unga usiokobolewa, na chumvi nikaisahau makusudi. Kaka yangu alikula vijiko vitatu, akaweka uma chini, akaniuliza, "Hiki ni chakula gani?" Hakuwa ananitania. Alikuwa kweli hajakitambua.

Tangu siku ile napika kwa kanuni nyingine. Chakula cha utotoni kina jambo moja au mawili yanayokifanya kiwe chenyewe; mengine yote ni mazoea ya mkono wa mpishi. Ukiyagusa yale mawili, umepika chakula kingine. Ukiyaacha, unaweza kupunguza nusu ya mafuta na sehemu kubwa ya chumvi, na mezani watu wakaendelea kula na kupiga soga.

Hatua ya 1: Tafuta kisichoguswa

Chukua karatasi, andika jina la chakula, kisha jibu upesi bila kutafakari: unakumbuka nini kwanza? Kwa kuku wa kukaanga, wengi watataja mlio wa gamba likivunjika menoni. Kwa viazi vya kuponda ni ulaini, na kile kidimbwi cha siagi kinachoyeyuka katikati. Kwa mchuzi wa nyama ni harufu inayokupokea mlangoni. Sijakutana na mtu aliyejibu "vijiko sita vya mafuta".

Ukipata jibu, lipigie mstari. Hilo hutaligusa hata kidogo, na hata ukiwa na bajeti ndogo ya mafuta, itumie hapo.

Harufu ihesabu mara mbili. Habari zinazopita puani zina njia fupi ya kufika sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, ndiyo maana kitunguu kinachoiva taratibu kwenye siagi kinaweza kukurudisha miaka thelathini nyuma kabla hujajua nini kimekushika. Jikoni maana yake ni hii: kijiko kimoja cha chai cha siagi kikiwekwa mwishoni, juu ya chakula cha moto, kinanukia kuliko vijiko vinne vilivyozama sufuriani tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Pika kama zamani mara moja, lakini pima

Usipunguze kitu bado. Pika kama ulivyozoea, ila kila kinachoingia sufuriani kipite kwanza kwenye kijiko au mizani, na uandike. Watu wengi hawajui wanaweka mafuta kiasi gani kwa sababu wanamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Mimi nilikuwa nikisema naweka "tone tu" la kuanzia kitunguu. Nilipolipima, lile tone lilikuwa vijiko vinne vya chakula na ushee.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori karibu 120. Gramu moja ya mafuta hubeba kalori 9, wakati gramu ya wanga au protini hubeba 4. Kwa hesabu ya kalori haijalishi kama ni mafuta ya zeituni, ya alizeti au ya mahindi, yote yanalingana. Kinachotofautiana ni aina ya mafuta yenyewe: yale yanayoganda kwenye joto la kawaida la chumba, kama siagi na mafuta ya nyama, ndiyo yenye mafuta mazito mengi, yanayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu.

Kwa upande wa chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni ya siku nzima, kuanzia kifungua kinywa. Unapopima, hesabu na ile iliyojificha: jibini, soseji, sosi ya soya, na hasa vidonge vya supu, ambavyo mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Mpishi anayeweka vidonge viwili kisha akaongeza chumvi "kidogo ili ikolee" ameshaitia chumvi mara tatu.

Hatua ya 3: Punguza kwa zamu

Usibadilishe zaidi ya vitu viwili katika mpiko mmoja. Anza na kile kilicho mbali kabisa na ulichokipigia mstari. Kwenye mchuzi wa nyama, mafuta ya kukaangia yako mbali na kumbukumbu, anza nayo. Kwenye kuku, ngozi iliyofichwa chini ya gamba iko mbali kuliko gamba lenyewe.

Chumvi ina mwendo wake. Ulimi hujizoeza, lakini huchukua wiki kadhaa, si siku mbili. Toa robo, kaa nayo wiki mbili au tatu, kisha toa tena. Wakati huohuo, jaza pengo kwa vitu viwili.

Cha kwanza ni uchachu. Matone ya limau au siki, yakitiwa baada ya kuepua, huamsha ladha ya chumvi iliyomo. Ukihisi mchuzi umepooza, jaribu limau kabla ya kunyanyua kopo la chumvi; nusu ya mara chumvi haitahitajika.

Cha pili ni ile ladha ya "unyama" ambayo mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliitenga mwaka 1908 kutoka kwenye mwani na kuiita umami. Imejaa kwenye uyoga, nyanya zilizoiva sana na jibini iliyokomaa. Njia rahisi kuliko zote: kaanga vijiko viwili vya nyanya nzito ya kopo kwenye sufuria kavu au yenye mafuta kiduchu, mpaka wekundu wake ugeuke rangi ya tofali. Ladha inabadilika kabisa. Wengi huimwagia maji ikiwa bado nyekundu, na hapo wanabaki na uchachu mtupu.

Kuna pia chumvi zilizochanganywa na potasiamu. Zinafaa watu wengi, lakini mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwa sababu potasiamu ikizidi mwilini ni hatari kwa moyo.

Sasa vyakula vyenyewe.

Kuku wa gamba, bila karai la mafuta

Huyu nitakaa naye, kwa sababu ndiye anayewashinda wengi na ndiye ninayempenda.

Elewa kwanza gamba linatokea vipi. Chakula kikiingia kwenye mafuta ya nyuzi 175 hadi 190, maji yaliyo juu yake hugeuka mvuke na kukimbia. Sehemu ya juu ikishakauka ndipo inapoweza kupanda joto kupita nyuzi 140 na kubadilika rangi. Huo mgeuko wa rangi na harufu unaitwa mmenyuko wa Maillard, kwa jina la mkemia Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912. Kwa hiyo gamba linahitaji mambo mawili: ukavu na joto kali. Mafuta mengi ni njia moja tu ya kuvipata vyote viwili.

Kwa watu wanne chukua mapaja manane yenye mfupa. Vua ngozi, ukishika kwa karatasi ya jikoni inatoka kwa mvuto mmoja. Changanya mtindi kikombe kimoja na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa na pilipili manga ya kutosha. Zamisha kuku humo, funika, weka kwenye friji saa nne au usiku kucha. Asidi ya mtindi hulainisha nyama taratibu, na ule unato wake ndio utakaoshika gamba baadaye.

Chenga za mkate zinahitaji vikombe viwili. Tumia mkate mkavu wa jana, hata ule wa ngano isiyokobolewa, uusage usiwe unga. Viwepo vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, maana hivyo ndivyo vinavyolia mdomoni. Sasa hatua ambayo karibu kila mtu huiruka: zikaange chenga zenyewe kwanza. Tia kijiko kimoja na nusu cha mafuta kwenye kikaango kipana, mwaga chenga, geuza bila kuacha kwa moto wa kati mpaka ziwe na rangi ya biskuti. Ongeza paprika na chumvi kidogo sana. Ukiziweka mbichi juu ya kuku, kuku ataiva kabla chenga hazijapata rangi, utamwacha ndani kusubiri rangi, naye atakauka kama ubao.

Washa oveni nyuzi 210. Weka waya juu ya trei ili hewa ya moto ipite chini pia. Toa kuku kwenye mtindi, kung'uta ubaki utando mwembamba, mgandamize kwenye chenga kila upande kwa kiganja, mpange bila vipande kugusana. Dakika 35 hadi 45. Usimfunike. Ameiva kipimajoto kikionyesha nyuzi 74 kwenye sehemu nene karibu na mfupa.

Mara ya kwanza nilifanya yote haya vizuri, kisha nikawarundika kwenye bakuli na kufunika kwa sahani nikisubiri wageni. Dakika kumi baadaye gamba lilikuwa uji. Mvuke wa kuku wenyewe ulilitafuna. Waache juu ya waya mpaka dakika ya kupakua.

Na kama siku hiyo umeamua kukaanga kwenye mafuta, kaanga, lakini jua hili: sehemu kubwa ya mafuta huingia ndani ya chakula *baada* ya kukiepua, pale kinapopoa na mvuke wa ndani kunywea, ukivuta mafuta yaliyoshikilia juu. Kung'uta kipande juu ya karai, kisha kikaushe kwa karatasi palepale kikiwa cha moto, pande zote. Ukisubiri dakika tano, karatasi haina kazi tena. Usijaze karai pia, mafuta yatapoa na chakula kitachemka badala ya kukaangika.

Makaroni ya kuoka na jibini, safari hii yatambulike

Kisichoguswa hapa ni viwili: sosi inayovutika na ule ukoko wa juu. Kinachoweza kuondoka ni siagi ya kuanzia sosi, krimu yote, na nusu ya jibini. Krimu nzito ina mafuta zaidi ya asilimia 35. Maziwa ya kawaida yana kama 3.5.

Chemsha gramu 400 za koliflawa mpaka ilainike kabisa, saga kwenye blenda pamoja na vijiko vichache vya maji yake mpaka iwe laini kama losheni. Ikibaki na chembechembe, watoto wataiona kabla hujakaa. Pembeni, koroga vijiko viwili vya chakula vya wanga wa mahindi kwenye nusu lita ya maziwa *baridi*, kisha injika, ukikoroga mpaka yawe mazito. Hapo umepata sosi nyeupe isiyo na siagi. Changanya na koliflawa.

Epua. Ndipo utie jibini, gramu 120 zilizokwaruzwa kwa tundu dogo. Iwe jibini iliyokomaa, kali. Gramu 120 za jibini kali zina ladha kuliko 250 za ile laini isiyo na harufu. Jibini ikichemshwa protini zake hujikunja na kuachia mafuta, sosi ikakatika; wanga uliomo husaidia kuzuia hilo, lakini usiubebeshe mzigo wote. Kijiko cha chai cha haradali na kungumanga iliyoparwa kidogo huifanya jibini ionekane nyingi kuliko ilivyo. Chumvi onja kwanza, jibini inayo tayari.

Makaroni gramu 300, yatolewe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi, maana yataendelea kuiva kwenye oveni. Changanya, mwaga kwenye bakuli la kuokea, nyunyiza gramu 20 nyingine za jibini na chenga za mkate zilizobaki za kuku. Nyuzi 200, dakika 20, rafu ya juu. Jibini ya juu ndiyo inayoonekana na kunusika, kwa hiyo usiithubutu kuipunguza.

Kuhusu makaroni ya unga usiokobolewa: changanya nusu kwa nusu kwa miezi michache, ukipenda. Yote kwa mara moja, mimi sirudii tena.

Mchuzi mzito wa nyama

Huu ni rahisi kuliko vyote, unadai subira tu. Upike leo ule kesho. Chukua nyama yenye gegedu na mishipa, kama ya muundi au shavu, iunguze pande zote kwa kijiko kimoja cha mafuta, kisha ichemke kwa moto mdogo saa mbili na nusu hadi tatu. Kano na gegedu huyeyuka polepole na kuwa jelatini, ndiyo inayoufanya mchuzi ugande midomoni bila krimu wala unga. Ukipoa, uingize kwenye friji. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu kama kifuniko cheupe. Yaondoe kwa kijiko. Ladha imebaki chini.

Nyama punguza theluthi moja, jaza kwa uyoga uliokaangwa mpaka ukatoa maji na kukauka, au dengu. Kama ni nyama ya kusaga, ya pai au ya mipira ya nyama, nusu kwa nusu na uyoga uliokatwakatwa sana inakubali, wengi hawatambui. Dengu peke yake zinatambulika mara moja.

Viazi vya kuponda

Kuna ushauri wa kuvibadilisha viazi vyote kwa koliflawa. Koliflawa ya kuponda ni chakula kizuri, lakini usiiite viazi. Acha viazi viwe viazi. Vichemshe, mwaga maji ukibakiza kikombe, virudishe kwenye sufuria ya moto dakika moja vikauke mvuke, viponde, kisha ongeza maziwa *ya moto* na maji yao kidogokidogo mpaka vilainike. Usitumie blenda, wanga utageuka gundi. Siagi yote uliyojiwekea, tuseme kijiko kimoja cha chai kwa kila mtu, usiichanganye. Chimba shimo katikati ya kila sahani na uiweke humo iyeyuke mbele ya macho yake.

Sahani na mabaki

Nusu ya sahani iwe mboga, ipakuliwe kabla ya kile chakula chenyewe. Mboga ikija baadaye hupata nafasi ya kona tu. Shirika la Afya Duniani linataja angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chakula cha jioni ndicho nafasi ya mwisho ya kuzifikisha. Mboga hizo nazo ziwe na kitu: maharage mabichi yenye limau na kitunguu saumu hayahitaji kubembelezewa mtu.

Kuna vyakula ambavyo sitakuambia uvipunguze. Kila familia ina kimoja cha siku maalumu, na kama kinapikwa mara mbili kwa mwaka, kipike kama kilivyo kwenye sufuria ndogo. Mimi changu nimeshajaribu kukibadilisha mara nne na nimekiacha.

Mabaki yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kwenye vyombo vifupi vipana ili yapoe haraka, na yaliwe ndani ya siku tatu au nne. Mchuzi uchemke vizuri tena kabla ya kula. Makaroni yaongezewe vijiko viwili vya maziwa kabla ya kupasha, maana yatakuwa yameinywa sosi usiku. Kuku wa gamba usimpeleke kwenye maikrowevu: nyuzi 190, juu ya waya, dakika 12 hadi 15, mpaka awe wa moto hadi mfupani, na mlio wake utarudi.